Alama Ndani ya Sura ya Tisa

Jumatatu, 4 Machi

Dada yangu,

Nakuandikia kwa karatasi na kuituma kwa basi kwa sababu tumekatazwa kulizungumza jambo hili kwenye simu. Mwanasheria wa studio anasema simu zetu huenda zikakaguliwa. Kwa hiyo soma barua hii mwenyewe, kwa kile kioo chako cha kukuzia, hata ikikuchukua asubuhi nzima. Usimpe binti yako akusomee.

Kitabu cha sauti cha Mkunga kimevuja. Siku ya kukitoa haijafika, lakini watu tayari wanakisikiliza kwenye simu zao na kutumiana. Mkunga mwenyewe aliisikia sauti yake saluni, ikitoka kwenye simu ya mwanamke aliyekaa kiti cha pili, anasikiliza na kucheka peke yake. Alikuja studio nywele bado mbichi. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha mapokezi akasema, "Miaka yote nilikuwa nawatoa watoto wa watu salama. Wangu mmoja nimewapa nyinyi, mmenifanyia hivi."

Unajua nakala zilizotoka ni tano tu: ya Mkunga, ya Bosi, ya mwanasheria, ya Mwalimu anayekagua lugha, na yako wewe unayekagua sauti. Pengine sijawahi kukueleza kwamba nakala hizo hazifanani. Kila moja naitia alama ndani ya sauti yenyewe. Ni kama mnong'ono uliolala chini sana, sikio haliushiki, hata sikio lako. Ndani yake kuna nambari, na kila mtu ana ya kwake. Mtu akiinakili faili, nambari inakwenda nayo. Akiweka spika mezani na kurekodi kwa simu, bado inakwenda. Mashine yangu ndiyo inayoisoma.

Sehemu watu wanayotumiana zaidi ni sura ya tisa, ile ya mapacha na umeme uliokatika. Nimeichukua na kuipima. Nambari iliyotoka ni yako.

Bosi bado hajui. Anataka jibu Ijumaa. Amesema aliyekivujisha ataachishwa kazi, atapelekwa mahakamani, na jina lake litatumwa kwenye studio zote. Nakuomba unijibu upesi na unieleze ukweli wote. Nani amewahi kuishika ile flashi yenye nakala yako?

Mdogo wako,
Fundi


Jumatano, 6 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma kwa kioo mpaka macho yakatoa machozi, na usidhani ni ya huzuni.

Flashi inakaa kwenye droo ya cherehani. Droo ina ufunguo, na ufunguo naulalia. Nikitaka kusikiliza nafunga mlango, nashusha pazia, navaa hizo hedifoni zako zinazobana kama kofia ya kuazima, na binti anajua kwamba hata nyumba ikishika moto abishe kwanza. Spika sijawahi kuiwasha. Nani ataniibia sauti iliyo ndani ya masikio yangu?

Umesahau ni nani aliyenipeleka huko. Macho yalipokataa kuona sindano, nikawa nakaa tu kibarazani nahesabu magari ya watu, wewe ndiye uliyemwambia Bosi, "Dada yangu anasikia pini ikianguka kwenye zulia." Tangu siku hiyo nina kazi. Nina sababu ya kufunga mlango na kuwaambia watu nisisumbuliwe. Unadhani ningeichezea?

Na hiyo sura ya tisa ndiyo iliyonitoa jasho kuliko zote. Kile kiti alichokalia Mkunga akirekodi kililia kila alipopumua. Nilikuandikia dakika baada ya dakika mpaka ukaniambia nimekuwa kama mama mkwe. Mtu aliyeisafisha vile ndiye aende kuimwaga barabarani?

Hiyo alama yako imekosea. Ipime tena. Au niambie wazi kama alama inaweza kukosea au haiwezi, nijue nasimama wapi.

Dada yako


Ijumaa, 8 Machi

Dada,

Nimeipima tena sura ya tisa. Nimechukua rekodi nyingine ya sura hiyo, iliyotoka kwenye simu ya mtu mwingine kabisa, nikaipima nayo. Jibu ni lile lile. Uliniuliza kama alama inaweza kukosea. Haiwezi. Inaweza kufifia isisomeke, lakini haiwezi kusema jina la mtu mwingine. Nimeijenga mwenyewe, naijua kama ninavyoujua mkono wangu.

Leo mchana Bosi aliniita mbele ya mwanasheria. Nilimpa nambari. Sikutaja jina, ila jina analo kwenye orodha yake, akalisoma kwa sauti, kisha akanitazama. Mwanasheria akauliza, "Huyu si ndugu yako?" Nikasema ni dada yangu, wa tumbo moja. Akaandika.

Watakuja watu wawili kuchukua simu yako na flashi. Usibishane nao.

Dada, sisemi ni wewe. Nasema kuna mtu aliyepita hapo nyumbani, akapata nafasi, wewe hukujua. Fikiria kila mtu. Fundi bomba, jirani, mgeni aliyelala. Binti ana simu nzuri siku hizi, ana marafiki wa kule duka la dawa anakofanya kazi. Sisemi kitu. Nasema fikiria tu, maana nisipopata jibu jingine, jibu litabaki ni wewe.

Fundi


Jumatano, 13 Machi

Mdogo wangu,

Wale watu walikuja. Walikuwa na adabu, walivua viatu. Wamechukua simu, flashi, hata hedifoni.

Hakuna haja ya kuendelea kutafuta. Ni mimi. Niliisikiliza kwa spika siku moja dirisha likiwa wazi, nikampa mtu arekodi. Wamenipa karatasi, nimeandika hivyo na kuweka saini. Bosi wako sasa ana anachokitaka, nawe uendelee na kazi yako bila kutazamwa vibaya.

Binti amehamia kwa rafiki yake, karibu na duka lao. Ni mbali kwenda na kurudi kila siku, kwa hiyo ni vizuri.

Usiniulize tena habari hii.

Dada


Jumamosi, 16 Machi

Dada,

Nitakuuliza.

Wiki moja kabla ulisema spika hujawahi kuiwasha. Sasa uliiwasha, na dirisha likawa wazi, na ukampa "mtu". Mtu gani? Wewe ukisimulia habari ya mtu aliyekuuzia vitunguu, unaanza na rangi ya viatu vyake. Leo umevunja sheria ya kazi yako unayoipenda kuliko kula, na mtu huyo hana hata sura.

Jambo jingine linanisumbua. Karatasi yako ilipofika Bosi aliifurahia, na furaha yenyewe sikuipenda. Nilikuwa nimemwambia nataka kupima sura nyingine zinazozunguka, ili ripoti ikamilike. Akasema, "Za nini tena? Mwizi akikiri, unaendelea kumpekua?" Akanipiga begani. Mwaka wa ngapi sasa niko pale, hajawahi kunigusa bega.

Nimeamua kuzipima hata hivyo. Nazitafuta kwenye simu za watu, kipande hapa kipande pale. Zinapatikana kwa shida kwa sababu watu wengi wanaitaka ya tisa tu.

Unaelewa ulichosaini? Mwanasheria anaandaa mashtaka. Hakuna studio itakayokupa hata tangazo la sabuni ulikague. Niambie umemficha nani. Na niambie kwa nini binti, ambaye amekuwa akienda na kurudi dukani kwa miaka miwili bila kulalamika, ameona ni mbali wiki hii.

Fundi


Jumanne, 19 Machi

Mdogo wangu,

Umeshinda. Nakuambia, kisha uniache.

Barua yako ya kwanza ilisema nisimpe binti asome. Yeye ndiye macho yangu. Anasoma bili, anasoma dawa, barua zako zote miaka yote amezisoma yeye, mpaka anaigiza sauti yako. Ghafla unaandika asiguse. Nikaelewa kwamba kuna kitu unakijua na unaona aibu kunitamkia. Barua ya pili ikataja simu yake. Basi nikajua nimeelewa sawasawa.

Nilimngoja mpaka akatoka kazini. Nikamuuliza. Akacheka kwanza, alidhani ni utani.

"Mama, mimi? Hata hicho kitabu sijui kinaanzaje."

"Droo umeifungua lini?"

"Sijaifungua."

"Mjomba wako ameipima. Nambari ni ya hapa nyumbani."

"Basi mjomba amekosea."

Nikamwambia, "Alama ya mjomba wako haikosei." Nilikuwa nimekuuliza mwenyewe, nawe ulinijibu. Nikamwambia kama si yeye ni rafiki zake, na kama ni rafiki zake ni yeye aliyewafungulia. Nilisema na mengine. Kwamba tangu anunue ile simu amebadilika. Kwamba baba yake naye alikuwa akikana hivyo hivyo, akikutazama usoni. Hilo la mwisho nilipolisema aliinuka. Akaenda chumbani, nikamsikia anavyofunga zipu ya begi.

Mlangoni akasema, "Sawa mama. Ukiumwa usiku, iite hiyo nambari ije ikupe maji."

Wale watu walipokuja kesho yake niliona ni heri nisaini mimi. Mimi nimeshazeeka, jina langu likichafuka halina pa kwenda. Yeye ana kazi ya dawa. Nani atamwamini na dawa mtu aliyewahi kuitwa mwizi?

Sasa unajua. Usimwambie mtu.

Dada yako


Ijumaa, 22 Machi

Dada yangu,

Kaa chini kwanza. Barua hii mpe yeyote akusomee, na kama binti yuko karibu, mpe yeye.

Si binti. Si wewe. Ni mimi niliyekosea.

Nimepata kipande cha sura ya pili, kipande cha sura ya tano, na karibu sura ya kumi na moja yote. Nambari yako haimo. Sehemu zote hizo zina nambari moja, na ni ya nakala ya Bosi.

Nikajiuliza, mbona ya tisa ina yako? Nikafungua nakala zote tano, nikaipima sura ya tisa katika kila moja. Ya Mkunga ina nambari yako. Ya mwanasheria ina nambari yako. Ya Mwalimu ina nambari yako. Zote.

Ilikuwa hivi. Ulipokuwa unaniandikia kasoro, nilikuwa nafungua nakala yako wewe, kwa sababu ndiyo tuliyokuwa tunaizungumzia. Nikishasafisha kipande, nakikata humo humo na kukipachika kwenye nakala za wengine. Nilitakiwa kuisafisha rekodi ya asili, ambayo haina alama ya mtu, kisha nitoe nakala upya. Hiyo ni kazi ndefu, Bosi alikuwa anaharakisha, nami nikaona ni yale yale. Kila kipande kilichotoka kwako kilikwenda na nambari yako ndani yake. Sura nyingine zilipata viraka vidogo tu. Ya tisa, kwa sababu ya kile kiti, niliibadilisha yote. Kisha nikaichagua hiyo hiyo kuipima, nikaipima mara mbili, nikakuambia haiwezi kukosea.

Na barua ya kwanza. Nilisema usimpe binti kwa sababu mwanasheria alitukataza kumwambia mtu yeyote wa nje. Hata mke wangu sikumwambia. Hakukuwa na kitu kingine. Lakini ya pili, pale nilipotaja simu yake, pale nilikuwa namshuku kweli. Siwezi kukudanganya.

Nimekwenda kwa Bosi. Nimemwonyesha. Alisoma, akavua miwani.

"Funga mlango," akasema. "Nani mwingine ameona?"

"Mimi na wewe."

"Nilimpa shemeji yangu asikilize safarini. Shemeji ana mdomo kama mlango wa soko. Basi." Akakunja ripoti yangu. "Dada yako amesaini. Mtu hasaini kosa lisilo lake."

"Amesaini kwa sababu nilimwambia uongo."

"Hayo ni ya kikao cha familia, si ya studio."

Kisha akaniwekea masharti. Nikinyamaza, hatakupeleka mahakamani, na jina lako halitatumwa popote. Utakaa nyumbani kimya, basi. Nikisema, atatoa karatasi yako yenye saini, na mimi nitakuwa fundi aliyeharibu nakala zote kisha akatunga ripoti ya kuiokoa familia yake. Mwanasheria atauliza nani aaminiwe, nami sina jibu zuri, kwa sababu ni kweli niliharibu.

Amenipa mpaka Jumanne. Nataka kwenda kwa Mkunga nimweleze kila kitu, kitabu ni chake. Lakini saini ni yako, na mahakamani utakayesimama ni wewe. Niambie.

Mdogo wako


Jumapili, 24 Machi

Barua hii nampa kondakta wa basi mwenyewe mkononi ili ifike kesho.

Nenda kwa Mkunga. Nimeshaandika kwamba niliyosaini si kweli na kwa nini nilisaini, karatasi iko humu ndani, kampe. Wakinipeleka mahakamani wanipeleke, nitavaa gauni langu la kijani.

Unaniuliza kana kwamba kuna cha kuchagua. Nikinyamaza mimi, binti atabaki yule niliyemwita mwizi.

Dada


Ijumaa, 29 Machi

Dada,

Nilikwenda. Mkunga alinipokea jikoni, anamenya viazi, akaniambia niendelee kusema, asikatishwe kazi yake. Nilimweleza yote, na ya kwangu sikuyapunguza. Niliwasha mashine nikamwonyesha sura moja moja. Karatasi yako aliisoma mara mbili. Akauliza, "Huyu ndiye aliyesikia kiti changu?" Nikasema ndiye. Akasema, "Nami nilidhani nimekikalia vizuri."

Jumanne alikuja studio na mwanasheria wa kwake. Sikuwepo ndani, lakini walikaa mpaka chai ikapoa na kuletwa nyingine. Mashtaka dhidi yako yamefutwa. Nakutumia barua yenye mhuri inayosema hivyo. Simu yako na hedifoni viko kwenye kifurushi. Kitabu amekichukua, atakirekodi upya kwingine, na anasema bila wewe kukikagua hakitoki.

Mimi nimemwaga unga. Bosi amesema studio haiwezi kumweka fundi ambaye alama zake hazisomeki sawasawa, na hapo hakusema uongo. Nimekabidhi funguo. Mke wangu anasema angalau sasa nitalitengeneza bomba la jikoni.

Mpe binti barua yangu ya tarehe 22 asome. Nimemwandikia na yeye, iko kwenye bahasha ndogo. Nimemweleza jinsi kosa lilivyotokea. Akiielewa nadhani atarudi.

Fundi


Jumanne, 2 Aprili

Mdogo wangu,

Kifurushi kimefika. Ahsante. Pole kwa kazi. Nimesema pole kwa moyo wote, ingawa bado nina hasira, na hasira yenyewe sijui niielekeze kwako au kwangu.

Binti alikuja jana kuchukua nguo zilizobaki. Nilimwomba anisomee. Alikaa kwenye kile kiti cha karibu na cherehani, akaisoma barua yako ya tarehe 22 mwanzo mpaka mwisho, kama anayesoma maelezo ya dawa. Hakuigiza sauti yako. Alipofika pale ulipoandika kwamba ulimshuku kweli, alisoma na hapo, kwa sauti ile ile, akaendelea. Kisha akafungua ile ndogo ya kwake, akaisoma kimya, akaikunja.

Nikamwambia, "Umeona? Ilikuwa ni vipande. Vilipachikwa."

Akasema, "Nimeelewa mama. Si jambo gumu."

Nikamwomba radhi. Kwa ile simu, kwa baba yake, kwa yote. Alisikiliza. Hakunikatisha. Akaniuliza, "Na kama mjomba asingekosea? Kama ile nambari ingekuwa ya kweli, na bado mimi sikufungua droo? Ungeniamini lini?"

  Alinitengenezea chai, akanisomea tarehe kwenye dawa za macho kama kawaida yake, akaondoka na mfuko wake.

Jumapili anakuja na gari la rafiki yake kuchukua kitanda. Akishatoa kitanda, mdogo wangu, amehama kweli.

Usimwandikie tena. Panda basi Jumamosi uje ulale hapa, uwepo akifika. Habari za kukata na kupachika usimrudie, ameshazielewa kuliko mimi. Swali lake ni lile aliloniuliza. Kama una jibu, njoo nalo. Kama huna, njoo hivyo hivyo, tukae naye wote wawili, atutazame.

Dada yako